Nyumba za Kupangisha Juja: Hesabu ya Chumba Kitupu



Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililo moyoni mwa watu wengi, wa shamba na wa mjini, nalo ni kujenga nyumba za kupangisha. Mwalimu anayekaribia kustaafu hulifikiri. Mama auzaye mboga sokoni, aliyeweka akiba kidogo kidogo katika chama, hulifikiri. Kijana aliye kazini Nairobi, aliyerithi kipande cha shamba la babaye, naye hulifikiri. Kila mmoja hujiambia moyoni, "Nikiwa na vyumba kumi tu, nitakula kodi nimeketi."

Neno hili lina ukweli, walakini si ukweli wote. Wako waliojenga wakasomesha watoto wao kwa kodi za vyumba. Wako pia waliojenga kwa fedha za mkopo, wakapoteza vyumba pamoja na ardhi iliyokuwa chini yake. Aghalabu kilichowatenga hawa na wale ni hesabu iliyofanywa, au iliyoachwa kufanywa, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Mwenye kujenga hupenda kuhesabu siku ambayo nyumba yake itajaa watu. Somo letu ni hili: na ahesabu kwanza siku ambayo vyumba vitakuwa vitupu.

MAHALI PENYEWE

Tumechagua Juja kuwa mfano wetu, pamoja na jirani zake Ruiru na Thika, katika Kaunti ya Kiambu. Zamani nchi hii ilikuwa ya mashamba makubwa. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alifikia katika shamba la Juja la Mmarekani mwenziwe William Northrup McMillan, akawinda wanyama katika mbuga zile. Baada ya Uhuru mengi ya mashamba ya sehemu hizi, ya mkonge na ya kahawa, yalinunuliwa na makampuni na vyama vya wananchi, yakagawanywa vipande vipande.

Mambo mawili yalileta wapangaji Juja. La kwanza ni chuo. Mwaka 1981 kilifunguliwa hapo Chuo cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kwa msaada wa Serikali ya Japani, na mwaka 1994 kikawa Chuo Kikuu kamili. La pili ni njia. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipanuliwa na kumalizika mwaka 2012, na tangu hapo mtu aweza kufanya kazi Nairobi na kulala Juja au Ruiru. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, wilaya ndogo ya Ruiru ilikuwa na watu 371,111, na ile ya Juja watu 300,948. Basi si ajabu kwamba magorofa yameota Gachororo na Witeithie mahali palipokuwa na mkonge.

Lakini yakumbukeni yaliyotokea Machi 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, Serikali iliamuru shule na vyuo vyote kufungwa. Katika siku chache wanafunzi walifunga virago wakarudi makwao. Vyuo vilifunguliwa baadaye hatua kwa hatua, na kwa muda wa miezi mingi nyumba zilizotegemea wanafunzi peke yao zilikosa watu. Mwenye nyumba aliyejenga kwa akiba yake alipata hasara, akangoja. Mwenye nyumba aliyejenga kwa mkopo mzito alikuwa na taabu kubwa zaidi, kwa maana mwisho wa mwezi ulifika kama kawaida, na deni halijui habari za likizo.

JAMBO LA KWANZA: UNAMJENGEA NANI?

Kabla ya kuuliza bei ya saruji, jiulize ni nani atakayelala katika chumba hicho. Mwanafunzi ataka chumba kilicho karibu na lango la chuo, chenye maji, taa na usalama wa usiku. Yeye hutosheka na chumba kimoja chenye jiko na choo ndani yake, kile ambacho watu wa mjini hukiita bedsita. Huingia pamoja na wenzake muhula unapoanza, na aghalabu hutoka likizo inapoingia. Mfanyakazi wa viwanda vya Thika ataka kodi ndogo na njia fupi ya kwenda kazini. Karani wa Nairobi aliye na mke na watoto ataka chumba cha kulala na sebule, shule jirani, na matatu ya alfajiri. Huyu hukaa miaka, kwa kuwa si rahisi kuhamisha watoto shuleni.

Aina hizi za wapangaji hazilingani, wala nyumba moja haiwezi kuwafaa wote sawasawa. Twawashauri wanaoanza wasitegemee aina moja tu. Kama ploti yako yaruhusu, changanya: vyumba kadhaa vya watu wasio na familia na vichache vya watu wenye watoto, ili wengine waondokapo wengine wabaki.

Nenda ukaone kwa macho yako. Zunguka mtaa huo kwa miguu wakati wa likizo ya chuo, wala si siku za kufungua chuo peke yake. Hesabu vibao vya "Nyumba ya kupangisha" vilivyotundikwa malangoni. Waulize watunzaji wa nyumba, hao waitwao makeateka, vyumba vingapi ni vitupu na tangu lini. Ukiona magorofa matatu yanajengwa mbele ya ploti yako, ujue kwamba siku utakayomaliza yako utagombea wapangaji na hayo matatu.

JAMBO LA PILI: HESABU

Na tufanye hesabu pamoja. Fedha tutakazotaja ni za mfano tu. Kila mtu aweke za mahali pake. Tuseme bwana mmoja ana ploti ya futi 50 kwa 100, akiba ya shilingi 1,300,000, na gharama ya kujenga chumba kimoja ni shilingi 330,000 hivi. Ataka vyumba 10. Kwa hiyo atakopa shilingi 2,000,000, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, alipe kwa miaka 10. Malipo yake yatakuwa shilingi 31,050 hivi kila mwezi. Kila chumba atakipangisha kwa shilingi 6,000.

Jioni moja bwana huyu amweleza mkewe kwa furaha: "Mama watoto, vyumba kumi ni shilingi elfu sitini kwa mwezi. Benki ichukue elfu thelathini na moja, sisi tubaki na elfu ishirini na tisa."

Mkewe amjibu, "Baba watoto, nimesikia. Na chumba kikikosa mtu, ile elfu thelathini na moja itapungua?"

Swali la mama huyu ndilo somo letu. Tuandike sasa hesabu ya mwaka mzima, tukidhani kwamba kila chumba kitakaa kitupu miezi miwili katika mwaka:

Kodi ya vyumba 10, kama vyote vimejaa miezi 12: Sh. 720,000
Toa kwa ajili ya miezi miwili mitupu: Sh. 120,000
Kodi itakayopokewa kweli: Sh. 600,000
Toa kodi ya Serikali, asilimia 7.5: Sh. 45,000
Toa mtunzaji, usafi, taka, maji na taa za uani: Sh. 96,000
Toa akiba ya matengenezo: Sh. 60,000
Toa ada za Kaunti na gharama ndogo ndogo: Sh. 9,000
Baki: Sh. 390,000

Katika hizo 390,000, benki itachukua 372,600 hivi. Zitakazomfikia mwenye nyumba kwa mwaka ni kama shilingi 17,400, yaani hazifiki 1,500 kwa mwezi. Hizo ndizo zile elfu ishirini na tisa alizomwahidi mkewe!

Sasa tufikiri mwezi mbaya, vyumba 5 vikiwa vitupu. Zitapokewa shilingi 30,000. Ukitoa kodi ya Serikali 2,250 na gharama za uani 8,000, hubaki 19,750. Benki yadai 31,050. Upungufu ni shilingi 11,300, wala hatujatengeneza hata bomba moja. Mwezi kama huo ukirudi mara sita, deni limempita kwa karibu shilingi 68,000.

Twaa njia ya pili. Bwana yule yule ajenge vyumba 7 kwanza, akope shilingi 1,000,000 tu. Malipo ya benki yatakuwa shilingi 15,530 hivi kwa mwezi. Kwa miezi ile ile miwili mitupu, atapokea shilingi 420,000 kwa mwaka. Atoe kodi ya Serikali 31,500, gharama za uani 96,000, matengenezo 42,000 na ada 9,000. Hubaki 241,500. Benki ikichukua 186,300 hivi, yeye hubaki na 55,200 hivi. Tazameni ajabu hii: mwenye vyumba 7 amebaki na fedha mara tatu ya mwenye vyumba 10. Na hata vyumba 4 kati ya 7 vikikosa watu, upungufu wake kwa mwezi ni 6,900 hivi, ambao mtu mwenye mshahara au ng'ombe wa maziwa aweza kuuziba mpaka wapangaji warudi. Msingi ukijengwa imara tangu mwanzo, na ramani ikikubaliwa na Kaunti, vyumba vitatu vilivyosalia vyaweza kuongezwa baadaye kwa fedha ya kodi.

Hatusemi kwamba mkopo ni mbaya. Twasema mkopo upimwe kwa chumba kitupu. Kama nusu ya vyumba vyako vikikosa watu kwa miezi sita nawe huwezi kulipa, basi mkopo huo ni mkubwa kuliko nyumba yako. Kumbuka kwamba rehani ya benki ni ardhi yenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mdaiwa aliyeshindwa kulipa hupewa ilani ya miezi mitatu arekebishe deni lake. Asipolirekebisha, hupewa ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuzwa. Muda huo hupita upesi. Na ardhi ikiisha kuuzwa, mtoto hawezi kuirithi.

JAMBO LA TATU: HATI YA ARDHI

Mwenye kununua ploti Juja au Ruiru hana budi kuwa na macho manne. Tumesema kwamba mashamba mengi yalinunuliwa na makampuni ya wananchi, na wenye hisa wakapewa vyeti. Cheti cha hisa si hati ya kumiliki ardhi. Muuzaji akikuonyesha cheti, barua ya kugawiwa, au kadi ya namba ya ploti, ujue bado hajakuonyesha kwamba ardhi ni yake mbele ya Serikali.

Fanya hivi. Kwanza, taka nakala ya hati, kisha ufanye upekuzi katika daftari ya Serikali ya ardhi ili ujue jina la mwenyewe, ukubwa wa kipande, na kama kina rehani au zuio lolote. Pili, mchukue mpimaji wa ardhi mwenye leseni akuonyeshe mawe ya mipaka. Watu wamewahi kujenga juu ya kipande cha jirani kwa kuamini kidole cha wakala. Tatu, kama ardhi ni ya kilimo, yatakiwa idhini ya Baraza la Kusimamia Ardhi, na maombi yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano kufanywa. Bila idhini hiyo mapatano ni batili, hata kama fedha zimekwisha kulipwa. Nne, weka katika hesabu yako ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mjini, na asilimia 2 shambani. Tano, usilipe fedha taslimu chini ya mti. Lipa kwa benki, kwa mkono wa wakili, mkiwa na mapatano yaliyotiwa sahihi.

Tena ongea na wa nyumbani kwako. Ardhi ya urithi ambayo haijagawanywa kwa sheria ya mirathi si yako peke yako, hata kama ndugu zako wamenyamaza. Wengi hunyamaza mpaka gorofa lisimame, ndipo wakasema.

JAMBO LA NNE: UDONGO, MAJI NA KIBALI

Juja ina neema moja na mtego mmoja. Neema ni mawe: machimbo ya Ndarugu hutoa mawe mazuri ya kujengea, na umbali wa kuyasafirisha ni mfupi. Mtego ni udongo. Sehemu nyingi za tambarare ile zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba unyeshapo na kupasuka ukaukapo. Msingi uliowekwa juu yake hupanda na kushuka kila msimu, na ukuta hufanya nyufa. Udongo huo sharti uchimbwe uondolewe mpaka kufikia tabaka gumu, kisha pajazwe kifusi kizuri. Gharama ya kazi hii hufichwa na wakala wa ploti rahisi. Chimba shimo la kujaribia kabla ya kununua, ujue ugumu uko futi ngapi chini.

Maji yaulizwe kabla ya bei. Je, bomba la kampuni ya maji ya Ruiru na Juja limefika? Maji huja siku ngapi katika juma? Palipo na mgao, tangi kubwa si anasa, maana mpangaji akikosa maji juma moja huanza kutafuta kwingine. Na maji machafu yatakwenda wapi? Pasipo mfereji wa taka wa mji, utajenga shimo, na kulilipia lori la kulinyonya kila lijaapo.

Usijenge bila kibali. Ramani ipelekwe kwa Kaunti ikubaliwe, na ujenzi uandikishwe na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, kwa mkono wa mkandarasi aliyeandikishwa. Wengine huona hayo kuwa usumbufu. Na wakumbuke usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mtaa wa Huruma, Nairobi, ambapo gorofa la wapangaji lililokuwa kando ya mto lilianguka wakati wa mvua, watu zaidi ya 40 wakafa. Ardhi iliyopotea yaweza kuliliwa ikasahauliwa, bali mtoto wa mtu aliyefunikwa na ukuta wako hatasahauliwa. Usimwongezee fundi gorofa la nne juu ya msingi uliopimiwa magorofa mawili, hata akikuapia kwa jina la mamaye.

JAMBO LA TANO: KODI YA SERIKALI

Tumetaja asilimia 7.5. Tuieleze. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi ilianza tarehe 1 Januari 2016, nayo ilikuwa asilimia 10. Tangu tarehe 1 Januari 2024 imekuwa asilimia 7.5. Humhusu mkazi wa Kenya apataye kodi ya nyumba zaidi ya shilingi 288,000, isiyopita milioni 15, kwa mwaka. Hesabu hutolewa na fedha hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi ufuatao kupita. Aliye chini ya kiwango hicho huyataja mapato yake katika hesabu yake ya kawaida ya mwaka.

Angalieni jambo moja ambalo huwashtua wanaoanza: kodi hii hutozwa juu ya fedha yote ya kodi, kabla ya kutoa gharama. Ukitengeneza paa, ukilipa mtunzaji, ukilipa riba ya benki, hayo hayapunguzi kitu. Ndiyo maana tuliiweka juu kabisa katika hesabu yetu. Kodi hii ni ya nyumba za kuishi tu. Kodi za maduka huingia katika hesabu ya kawaida ya mapato.

JAMBO LA SITA: WEWE NA MPANGAJI WAKO

Mpangaji mwema ni mali. Kumbakiza ni rahisi kuliko kumtafuta mwingine, kwa maana kila atokapo mtu chumba hupakwa rangi, kitasa hubadilishwa, na majuma hupita bure. Basi tengeneza upesi kilichoharibika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Andikeni mapatano, hata yawe ya karatasi moja: majina, namba ya chumba, kiasi cha kodi, siku ya kulipa, kiasi cha dipositi, na ilani ya muda gani itatolewa na atakaye kuondoka au kuondoa. Dipositi si fedha yako ya kula. Iweke mahali pa peke yake, kwa maana siku moja utadaiwa. Mpe mpangaji risiti kila mara, na uandike hali ya chumba mbele yake siku aingiapo na siku atokapo.

Mpangaji akichelewesha kodi, mwite kwanza mzungumze. Huenda kazi imesimama, huenda kuna msiba. Akikaidi, mpe ilani kwa maandishi, kisha ufuate njia ya sheria. Kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji au kutupa vyombo vya mtu nje usiku ni njia ya aibu, nayo yaweza kukupeleka wewe mahakamani badala yake. Hata kukamata mali kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna sheria yake ya kulinda wapangaji na baraza lake la kuamua.

Wengi hujenga maduka chini na vyumba juu. Mwenye kufanya hivyo na ajue kwamba duka lina sheria nyingine, ya mwaka 1965. Mwenye duka aliyepanga bila maandishi, au kwa maandishi ya muda usiozidi miaka mitano, analindwa: huwezi kumwondoa wala kumwongezea kodi ila kwa ilani iliyo katika namna iliyowekwa, ya miezi miwili au zaidi, naye aweza kwenda kulalamika mbele ya baraza la majengo ya biashara. Kwa hiyo usimpe mtu duka kwa maneno ya mdomo tu, ukidhani utamwambia "Toka" wakati wowote.

JAMBO LA SABA: DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari, ufungue kurasa mbili. Katika moja andika kila senti iliyoingia: tarehe, chumba, jina, kiasi. Katika nyingine andika kila senti iliyotoka. Fedha ya nyumba isichanganywe na fedha ya matumizi. Iwe na akaunti yake. Na kila mwisho wa mwezi andika pia idadi ya vyumba vitupu. Baada ya mwaka mmoja utajua mambo ambayo hakuna wakala awezaye kukuambia, yaani ni miezi ipi watu hukuhama, ni chumba kipi hakikai na mtu, na kwa nini.

MASWALI YA KUJIULIZA

Wasomaji, kabla ya kuweka jiwe la kwanza, keti na mke wako au mume wako, au na wenzako wa chama, mkajibu maswali haya kwa maandishi:

1. Nani atakayepanga nyumba yetu, na akiondoka, ni nani mwingine atakayeitaka?
2. Tumeona hati yenyewe na kufanya upekuzi, au tumeonyeshwa karatasi tu?
3. Tumechimba tukaona udongo, na tumeuliza maji huja siku ngapi?
4. Kaunti imekubali ramani, na mjenzi ameandikishwa?
5. Tukitoa miezi miwili mitupu, kodi ya Serikali, matengenezo na benki, hubaki nini mkononi?
6. Nusu ya vyumba vikikosa watu miezi sita, tutalipa deni kwa fedha ipi?

Mtakaoweza kujibu yote, jengeni, nasi twawatakia heri. Wale watakaokwama katika swali la sita wasione haya kuanza na vyumba vitatu au vinne, au kungoja mwaka mmoja akiba iongezeke. Ploti iliyolipiwa haiozi.

Yule bwana wa mfano wetu, tuseme, alinyamaza kidogo baada ya swali la mkewe. Kisha akasema, "Mama watoto, lete kalamu." Hapo ndipo kazi ya kujenga nyumba ilipoanza.